Celica, Mavyaa na Mshale Ulioanguka

Gari lililokufa kabisa halina fumbo. Likikataa kuwaka asubuhi unapanda matatu, unamwita fundi, naye anaukuta ugonjwa pale pale ulipouacha. Balaa ni gari linalozima likipenda na kuwaka likipenda. Linakuzimikia katikati ya foleni, watu wanakupigia honi, unalisukuma hadi kando huku jasho likikutiririka. Fundi akifika anatia ufunguo, linawaka mara moja na kunguruma kwa raha zake. Ni kama homa inayompanda mtoto usiku wa manane, nanyi mkifika hospitali mtoto anacheza.

Gari letu ni Toyota Celica ya mwaka 1991, ya lile umbo lenye taa zinazoinuka kutoka ndani ya boneti. Injini yake ni 3S-GE ya lita 2, yenye kamshafti mbili na valvu 16. Mume wangu alilipenda tangu utotoni, na mapenzi yake yana asili. Celica ilishinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986. Ikaja ile ya GT-Four, ikashinda 1990, ikashinda 1992, na mwaka 1993 Celica zikachukua nafasi nne za mwanzo zote. Mwaka 1994 aliyeshika usukani wa gari la ushindi alikuwa Mkenya mwenzetu, Ian Duncan. Mtoto aliyekulia Mombasa miaka ile, akisikiliza matokeo redioni, hakuhitaji kushawishiwa zaidi. Yetu haina turbo na inavutwa na magurudumu ya mbele tu, lakini ni ukoo ule ule, na mume wangu huiosha kila Ijumaa kabla ya sala.

Sisi twaishi ng'ambo ya Likoni, na kazi zetu ziko kisiwani. Maana yake ni kwamba maisha yetu yanapita juu ya feri. Foleni ya jua kali, mteremko wa kuingilia, injini inazimwa, maji yanavukwa, injini inawashwa, mlima mfupi wa kutokea. Na hapo ndipo Celica ilipochagua kuanza vituko vyake.

Mwanzoni ilizima mara moja moja, tukapuuza. Kisha ikazima mume wangu akiwa anateremka kwa kasi kutoka Kwale, mahali ambapo barabara inashuka kutoka vilima vya Shimba kuelekea pwani. Hapo kicheko kilikwisha nyumbani kwetu. Injini ikizima gari likiwa linakwenda, usukani unakuwa mzito ghafla, kwa sababu pampu inayousaidia inazungushwa na injini. Breki nazo hubakiwa na akiba ya msaada ya kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha zinakuwa ngumu. Mume wangu alikanyaga mara moja akashikilia bila kuachia, hakurudisha ufunguo nyuma hata kidogo, kwa kuwa ukirudishwa hadi mwisho usukani hufungwa, akalielekeza gari kando taratibu. Alirudi nyumbani usiku, akakaa barazani bila kusema neno. Mavyaa akamletea kahawa, akamwambia, "Mwanangu, gari hili ama lijulikane lina nini, ama lisibebe wajukuu wangu."

Hiyo ndiyo ikawa sheria ya nyumba.

Mafundi wakaanza kuingia na kutoka. Wa kwanza alibadilisha plagi na waya zake zote. Gari likaenda vizuri, tukamshukuru. Likazima tena kwenye foleni ya feri. Wa pili aliitwa likiwa limezima. Alifungua kifuniko cha tenki, akainamisha sikio, akamwambia shemeji yangu aweke ufunguo ON. Kimya. "Pampu imekufa," akasema, na pampu mpya ikanunuliwa pamoja na chujio. Gari likaenda vizuri, likazima tena. Wa tatu alitikisa kichwa, akasema ni kompyuta ya injini, akataja bei ambayo mume wangu hakuirudia mbele ya mamake. Na kila mmoja wao, kabla ya kuanza kazi, aliing'oa betri kwa muda, eti kompyuta ijisafishe.

Wakati huo huo kila mtu aliyepita barazani kwetu alikuwa na tiba. Ami alishikilia kwamba petroli imeingia maji. Jirani alisema vichwa vya betri vimeliwa na hewa ya bahari. Shemeji, ambaye yuko chuoni, alitaka tutafute mashine ya kusomea makosa, akazunguka gari zima akitafuta pa kuichomeka. Hakupata, kwa sababu soketi ile ya leo ilianza kulazimishwa kwenye magari Marekani mwaka 1996, na hili letu lilizaliwa kabla.

Siku ya harusi ya binti wa wifi yangu ndiyo iliyotutoa katika kubahatisha. Tulikuwa tunavuka kuelekea kisiwani, mavyaa mbele akiwa amepakata sinia la mahamri na birika la asali, mimi na watoto nyuma tumebanwa, maana kiti cha nyuma cha Celica hakikutengenezwa kwa watu wenye magoti. Tukavuka salama. Feri ikashusha mlango, magari yakaanza kupanda, na nasi tulipofika katikati ya mlima ule, injini ikakatika. Haikukohoa wala kutetemeka. Watu wa Likoni ni wema. Vijana walituzunguka mara moja, wakasukuma hadi juu, mmoja wao akiwa amemshikia mavyaa birika dirishani ili lisimwagike. Tukasimama kivulini. Mume wangu akafungua boneti na kuegemea bila kugusa chochote, kwa sababu hakuwa na cha kugusa.

Mavyaa akashuka, akajifunga leso vizuri, akasema, "Ule mshale wenye namba moja moja, ulianguka mwanzo. Ulilala chini kabisa, na gari bado linakwenda."

Mavyaa amekuwa mshoni maisha yake yote. Macho yake yamezoea kufuata sindano inayopanda na kushuka kwa kasi ambayo sisi hatuioni. Alikuwa ameketi mbele ya dashibodi safari zile zote, anatazama, wala hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kumuuliza lolote.

Neno lake lilibeba mengi kuliko spea zote tulizokwisha kununua. Mshale ule unahesabu mizunguko ya injini, nao unapata habari zake kutoka kwenye mfumo wa moto wa plagi. Gari likiishiwa petroli, injini hukohoa, hupunguza nguvu, na mshale huteremka pamoja nayo kadiri inavyopungua. Lakini mshale ukilala ghafla wakati gia bado imo na magurudumu bado yanaizungusha injini, maana yake hakuna mapigo ya moto yanayofika. Mafuta hayahusiki. Kilichokatika ni umeme.

Jioni ile, baada ya harusi, nilichukua daftari la zamani la duka, nikalifunga kalamu kwa uzi, nikaliweka kwenye dashibodi. Nikaomba kila atakayekuwa ndani ya gari likizima aandike: saa ngapi, gari lilikuwa limekwenda kwa muda gani, mvua au jua, kiasi cha petroli, AC ilikuwa imewashwa au la, mshale ulifanya nini, taa ya injini iliwaka au haikuwaka, na lilichukua muda gani kuwaka tena. Watoto waliifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko sisi. Mwanangu wa kike alikuwa anachora hata umbo la mawingu.

Kurasa zilipojaa, tukakaa barazani kuzisoma. Dai la Ami la maji ndani ya petroli lilianguka, kwa sababu lilizima tenki likiwa limejaa na likiwa karibu tupu, kutoka vituo tofauti. Mvua haikuleta tofauti. Alfajiri halikuzima kamwe. Lilizima mchana, baada ya mwendo mrefu, na zaidi lilipokuwa limesimama kwenye foleni au mara baada ya kushuka kwenye feri. Likishazima, lilikaa muda wa mtu kununua dafu, kulinywa na kula ule utandu wake wa ndani, kisha likawaka.

Huo ulikuwa ugonjwa wa joto. Na feri ilikuwa inauchochea. Injini moto ikizimwa, maji ya kupoza hayazunguki tena na upepo haupiti, kwa hiyo joto la chini ya boneti hupanda kwanza kwa muda kabla ya kuanza kushuka. Sisi tulikuwa tunaipika kila siku katikati ya mlango wa bahari wa Likoni, kisha tunaidai ipande mlima.

Lakini daftari lilikuwa na jambo jingine. Kila mahali palipoandikwa kuhusu taa ya injini, iliandikwa kwamba iliwaka pale injini ilipokufa. Ndivyo inavyotakiwa kuwa ufunguo ukiwa ON na injini haizunguki. Kama ingebaki giza, tungejua kompyuta yenyewe imekosa umeme, na mshukiwa angekuwa rilei kuu au fyuzi yake. Taa iliwaka, kwa hiyo kompyuta ilikuwa hai. Fundi wa tatu na bei yake wakatoka kwenye orodha.

Tukampata fundi wa waya, mzee mtulivu ambaye karakana yake ni mwembe na meza moja. Mume wangu akampa daftari badala ya ufunguo. Alilisoma lote, akarudi nyuma kurasa chache, akauliza, "Nani aliyesema mshale umelala?" Mume wangu akamwambia ni mamake. Fundi akasema, "Mpe salamu zangu Bi Mkubwa. Amenipunguzia nusu ya kazi."

Kisha akatueleza lile jambo la pampu, na hapo mume wangu alishika kichwa. Katika Toyota za zama hizo, pampu ya petroli hailii kwa kuweka ufunguo ON peke yake. Inapata umeme wakati stata inapozungusha, kisha inaendelea pale tu kompyuta inapopokea ishara kwamba injini inazunguka. Ishara hiyo ikipotea, kompyuta inakata vyote viwili, moto wa plagi na pampu. Hilo ni jambo la usalama: gari likipinduka na injini kuzima, petroli isiendelee kumwagwa. Kwa hiyo kimya alichokisikia fundi wa pili kilikuwa cha kawaida. Pampu yetu ya zamani ilikuwa nzima, nayo iliondolewa kwa kosa la kunyamaza wakati wake wa kunyamaza.

Na la betri je? Kompyuta ya Celica ina kumbukumbu. Ikiona kasoro, huiandika kwa namba na kuitunza, mradi betri imeunganishwa. Betri ikitolewa, kumbukumbu hufutika. Kila fundi aliyeanza kazi kwa kung'oa betri alikuwa anachoma ushahidi kabla ya kuusoma. Mzee akatuagiza: likizima tena, msiguse betri. Zungusheni stata kidogo, lisipowaka liacheni lipoe, kisha mlilete kama lilivyo.

Halikutuweka sana. Lilizima juu ya mlima ule ule wa feri, tukafuata agizo, tukalipeleka chini ya mwembe. Mzee alifungua kile kisanduku kidogo cheusi kilicho karibu na injini, chenye kifuniko kilichochapwa majina ya vidato ndani yake. Akachukua kipande cha waya, akaunganisha kidato cha TE1 na kile cha E1, akaweka ufunguo ON bila kuwasha injini. Akatuita sote tutazame taa ya injini kwenye dashibodi. Ikameta mara moja, ikapumzika, ikameta mara mbili. Ikakaa kidogo. Ikameta mara moja, ikapumzika, ikameta mara tatu. Kisha ikaanza upya.

Kumi na mbili, na kumi na tatu. Watoto walizihesabu kwa sauti.

Namba zote mbili zinasema jambo moja: kompyuta haikupokea ishara ya mizunguko, wakati stata inazungusha na wakati injini imekwisha kuwa mbioni. Namba 14 haikuwapo, na hiyo ndiyo ambayo ingeielekezea kidole ignaita, kile kifaa kinachowasha na kukata umeme wa koili kubwa. Ishara ya mizunguko inatoka ndani ya distributa, kile kifaa kinachozigawia plagi moto wake, kwenye koili ndogo zilizozungushiwa waya mwembamba mno, ambazo hupata mapigo ya umeme kila meno ya chuma yanapopita mbele yake. Kati ya hizo koili na kompyuta kuna waya na soketi. Ugonjwa ulikuwa umebanwa kwenye nafasi ya mkono mmoja.

Mzee akachomoa soketi ya distributa, akaweka mita. Koili ilisoma ohmu mia na ushei, sawasawa kabisa. Akatabasamu, akasema, "Limeshapoa. Bila joto halitasema kweli." Akatutuma nyumbani: kesho tulilete na kitu cha kupuliza hewa moto, na barafu.

Wifi yangu ana saluni. Akatoa draya yake ya nywele kwa sharti irudi kabla ya wateja wa jioni. Mavyaa, ambaye huuza barafu za mifuko kwa majirani, alifungua friza yake mwenyewe na kuchagua. Siku ya pili sote tulikuwa chini ya mwembe: mume wangu, mimi, watoto, shemeji na mita yake mpya, na mavyaa kwenye kiti alicholetewa na mzee.

Mzee aliunga mita kwenye vidato vya koili, akamkabidhi shemeji aitazame. Akaelekeza hewa moto kwenye distributa. Namba ikaanza kupanda polepole, na hilo ni la haki, kwa sababu waya wa shaba huongeza ukinzani wake kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto. Ikapanda, ikapanda. Kisha mita ikaacha kusoma kabisa. Njia ya umeme ilikuwa imekatika.

Shemeji alipiga ukelele. Mzee hakuondoa macho. Akazima draya, akachukua mfuko wa barafu, akauzungushia kitambaa, akaushikiza kwenye shingo ya distributa pale waya zinapotokea. Tukangoja. Namba ikarudi. Akapuliza tena, ikapotea. Akapoza tena, ikarudi. Kisha, ikiwa moto, akaugusa waya kwa ncha ya kidole pale shingoni. Namba ikaruka na kupotea na kurudi kwa kufuata kidole chake. Ndani ya ala yake ya plastiki, waya ulikuwa umechoka na kukatika baada ya miaka mingi ya joto na mtikisiko. Ukiwa baridi ncha zake ziligusana. Ukipata joto kila kitu hutanuka, ncha zikaachana, na Celica ikafa mlimani.

Mavyaa alisema, "Alhamdulillahi. Sasa tumeuona kwa macho."

Mzee alisema waya ule unaweza kuungwa, lakini gamba la koili nalo lilikuwa limeanza kupasuka, na kwa gari linalobeba watoto hakutaka kuunga. Tukatafuta distributa ya mtumba iliyotoka Japani, ya injini hiyo hiyo. Mwenye duka alishangaa mume wangu alipoomba stima ya kuchomekea draya. Tulizipasha moto distributa zilizokuwa mezani na kuzipima, tukanunua ile iliyosoma bila kukatika. Kabla ya kuifungua ya zamani, mzee alichora alama mahali ilipokaa, ili mpya ikae pale pale. Ilipofungwa aliunganisha tena TE1 na E1, akawasha injini, akamulika puli kwa taa ya kupimia majira ya moto, akaizungusha distributa kidogo kidogo hadi alama ikasimama kwenye digrii 10. Akakaza bolti. Kazi imekwisha.

Kisha tukafanya kile kisichofanywa mara nyingi: tulijaribu kuliua. Mume wangu alichagua saa ya jua kali, akawasha AC, akaingia foleni ndefu, akazima ndani ya feri, akawasha, akapanda. Akarudia siku baada ya siku, mavyaa akiwa mbele na macho kwenye mshale. Haukulala.

Ninaiandika habari hii kwa sababu naona magari mazuri yakitupwa kwa neno moja, "limezeeka." Uzee ulikuwepo, ni kweli, lakini uzee wenyewe ulikuwa na mahali pake, penye urefu usiozidi kucha. Aliye na gari linalozima likipenda, na awe bahili wa spea na mkarimu wa maswali. Je, linakufa ghafla au linakohoa? Mshale unalala au unateremka? Taa ya injini inawaka? Lina joto au baridi? Likizima, pana moto kwenye plagi? Na kila aliyekuwa ndani ya gari ni shahidi, hata yule asiyejua kuendesha.

Mwezi uliopita jirani alikuja barazani analalamika. Gari lake la kubebea mizigo linazimika, na ameshauriwa anunue distributa, kwa kuwa yetu ndiyo iliyotutesa. Mavyaa aliweka chini kikombe.

"Mshale unaanguka ghafla, au unateremka na gari?"

Akasema unateremka, na gari linajikongoja kwanza, hasa likiwa na mzigo mlimani.

"Basi usinunue ya umeme," mavyaa akamwambia. "Kaangalie petroli yako inapopita."

Fundi aliufungua mfumo wake wa mafuta, akakuta chujio limeziba kwa uchafu wa tenki. Distributa yake ingali mahali pake, na fedha zake zingali mfukoni.